Bega la Mzee Mvumo

Hapo zamani sana, wanangu, zamani ambazo hata bibi yangu alizisikia kwa watu, wanyama walikuwa na nyumba zao, majirani zao na adabu zao. Na hadithi hii haikutokea huku kwetu, basi asije mmoja wenu kesho akaniambia anakwenda mtoni kumtafuta dubu. Dubu hayupo huku. Yuko mbali, nchi ya milima ambako theluji inashuka kutoka kileleni mpaka milangoni, na ikishashuka inakaa miezi.

Dubu ninayemsema ni yule wa rangi ya udongo, mwenye nundu mabegani. Nundu ya ng'ombe ni kitoweo. Nundu ya dubu ni misuli mitupu ya kuchimbia. Kucha zake ni ndefu kama vidole vya baba yenu, na akichimba mizizi, mawe yanaruka, kwaru, kwaru, kwaru, utadhani kijiji kizima kiko shambani. Kitu kimoja tu kinamshinda akishakuwa mkubwa, nacho ni kupanda mti. Kucha zile ndefu hazimshikilii.

Sasa, dubu hana mlango. Nyumba yake ni bonde zima. Mgeni atabisha hodi wapi? Basi dubu wana mti wao, na wanauita Mti wa Hodi. Kila dubu anayepita husimama kwa miguu miwili, akaupa mgongo, akajisugua mpaka manyoya na harufu yake vikabaki kwenye gome. Anayekuja nyuma hunusa, akajua aliyepita ni nani, ni dume au jike, na kimo chake kinafika wapi. Na mtini hawafiki ovyo. Kuna nyayo zilizochimbika ardhini tangu enzi za babu zao, na kila dubu hukanyaga mlemle kwa kishindo, pu, pu, pu, kila mguu kwenye shimo lake. Anayeziruka hizo nyayo hana malezi.

Mti wa Hodi wa bonde hili ulikuwa msonobari mnene. Juu yake aliishi Kindi na watoto wake, na chini ya mizizi Kindi alikuwa na ghala lake la mbegu za msonobari. Mdogo, mwepesi, mdomo haulali. Jirani yake alikuwa dubu jike aliyeitwa Mama Pacha, na ujirani wao ulikuwa wa kugombana. Kila mwaka Mama Pacha alilifukua ghala la Kindi.

"Nimeonja tu, shoga," alikuwa akisema, mdomo umejaa maganda.

"Kuonja gani kunakomaliza chungu?" Kindi alikuwa akijibu kutoka juu, ambako hafikiwi.

Mwaka huo theluji ilikuwa inayeyuka. Mama Pacha alikuwa ametoka shimoni na watoto wawili. Aliwazaa katikati ya usingizi wake wa baridi, wakiwa wadogo kama panya, hawana manyoya, hawaoni, akawanyonyesha miezi hiyo yote bila yeye kula wala kunywa tone. Alitoka amekonda, ngozi inamning'inia. Na mjue, dubu hazai kila mara. Panya akipoteza watoto, mwezi hauishi ana wengine. Dubu akipoteza watoto, bonde linaweza kukaa miaka bila kusikia kilio cha mtoto.

Siku moja alasiri Mama Pacha alikuja anachechemea. Paja lake lilikuwa limechanika, na pacha wawili walimfuata wakiwa wamebanana.

"Jirani," aliita. "Bi Kindi, upo?"

Kindi alichungulia. "Kama umekuja kuonja, ghala limefungwa."

"Sikuja kula. Shoka yuko bondeni."

Kindi aligeuka kutazama kiota chake. Shoka alikuwa dume kutoka ng'ambo ya kilele, mwenye sikio moja, na kila mnyama aliyesikia jina lake alikumbuka kwanza mahali pa kujificha. Dume wa namna hiyo akitaka kuoa hataki kukuta watoto wa mwenzake. Huwaua, ili mama aache kunyonyesha, amkubali yeye. Ni jambo baya kulitaja mbele ya watoto, lakini ndivyo lilivyo, na kulificha hakulipunguzi.

"Nimemzuia leo," alisema Mama Pacha. "Ameniuma paja. Kesho atarudi, na kesho sitaweza kusimama."

"Wachukue ukimbie."

"Nikimbilie wapi, mwenzangu? Juu ni barafu. Chini watu wamefika, wana bunduki na mitego ya chuma. Zamani bonde letu lilianza mto huu likaishia mto ule. Sasa limebaki kama mkeka wa mtu mmoja, nikigeuka tu niko nje."

Yule pacha mdogo alianza kulia. Mama yake akamziba mdomo kwa kiganja.

"Na mimi nikufanyie nini?" aliuliza Kindi. "Nitazame. Mimi na mkia wangu hatujazi kiganja chako."

"Una akili."

"Akili haing'ati."

"Kindi, sina mwingine wa kumwendea." Mama Pacha aliwasogeza pacha mbele yake. "Niokolee hawa, na ghala lako sitaligusa maisha yangu yote."

Kindi alikuwa na huruma, lakini alikuwa na ghala pia. "Na hawa wakikua?"

"Nitawafundisha wasiliguse."

"Apa."

"Naapa kwa maziwa wanayonyonya."

Kindi alishuka mpaka tawi la chini, jambo ambalo hakulifanya mbele ya dubu yeyote. "Niambie basi. Hapa duniani Shoka anamwogopa nani?"

"Hakuna. Labda Mzee Mvumo. Shoka alipokuwa kijana, Mzee Mvumo ndiye aliyemng'oa lile sikio. Lakini Mzee Mvumo hatujamwona tangu masika ya mwaka jana."

"Kutoonekana si kufa," alisema Kindi.

Na hapo akakumbuka godoro la watoto wake. Mzee Mvumo alikuwa dubu mkubwa kuliko wote waliowahi kujisugua pale, na kila alipoondoka, Kindi aliteremka akachukua manyoya yake kwenye gome akatandika kiotani. Watoto wake walikuwa wanalala juu ya Mzee Mvumo hadi siku ile.

Alipanda mbio. Akaanza kuvuta manyoya chini ya watoto, fungu baada ya fungu.

"Mama, baridi," walilia.

"Vumilieni. Kuna wenzenu watapata mabaya kuliko baridi."

Akayabeba mdomoni, akashuka mpaka juu kidogo ya alama ya juu kabisa ya dubu wote, akachanja gome kwa meno, utomvu ukatoka, akayagandisha manyoya hapo. Akapanda, akashuka, akapanda tena. Alitaka kuchora mgongo mzima. Lakini manyoya yakaisha. Alikuwa amemaliza bega la kushoto tu, na upande wa kulia gome lilikuwa tupu.

"Litatosha," alijiambia. Hakuamini.

Kulipokucha ukungu ulikuwa mzito. Kindi alimwambia Mama Pacha ajifiche na watoto kwenye kichaka nyuma ya mti, mahali ambapo upepo ulitoka kwa mgeni kwenda kwao, ili Shoka asiwanuse. "Hata chafya msipige," alisema. "Mtoto akitaka kulia, mpe ziwa." Kisha akapanda, akakaa kwenye tawi lake, mkia umemsimama. Alijaribu kuulaza, ukasimama tena.

Walimsikia kabla ya kumwona.

Pu. Pu. Pu.

Shoka alitokea ukunguni akikanyaga kwenye zile nyayo za kale, mguu mmoja baada ya mwingine, polepole, kama mwenye nyumba. Pumzi yake ilitoa mvuke. Kichwa kilikuwa kipana kuliko shina la mti alikoishi Kindi, na kile kipande cha sikio kilichobaki kilikuwa kimesinyaa. Kila ndege alinyamaza. Wanangu, kimya kingi kina mshindo mkuu, na Kindi aliusikia mshindo huo ndani ya kifua chake mwenyewe.

Shoka alifika mtini, akainua pua kunusa. Akanusa tena. Akarudi nyuma hatua moja.

"Nani huyu?" alisema.

"Karibu, bwana," alisema Kindi, sauti ikimtetemeka. Hakuhitaji kuigiza. "Sisi ni wapangaji tu. Mambo ya wenye nyumba hatuyajui."

"Nimekuuliza nani amejisugua hapa."

"Pua yako inajua kuliko mimi, bwana."

Shoka alisimama kwa miguu miwili, akaupa mti mgongo, akajinyoosha mpaka mifupa ikalia. Manyoya ya Mzee Mvumo yalikuwa bado juu ya kichwa chake. Akashuka. Kindi akaanza kupata matumaini.

Hapo Shoka akatazama chini.

Kwenye mashimo ya nyayo za upande wa pili wa mti, ambayo yeye alikuwa hajayafikia, kulikuwa na maji ya theluji, na ndani ya maji tope lilikuwa limetulia. Hakuna aliyeyakanyaga usiku ule wala jana yake. Kindi aliona anachokiona Shoka, akalijua kosa lake. Yeye ni mtu wa juu. Maisha yake yote anapita matawini, na nyayo hazijawahi kumhusu. Alikumbuka manyoya, utomvu na kimo. Akasahau miguu.

"Mzee Mvumo alikuja kwa mabawa?" aliuliza Shoka taratibu.

Kindi alirudi nyuma mpaka mgongo wake ukagusa shina.

"Na nusu ya mgongo ameiacha wapi?" Shoka alikuwa anacheka sasa, cheko la chinichini lisilo na furaha. "Kuna mjanja hapa. Nani amekutuma? Yule jike mwenye paja bovu?"

"Bwana, mimi..."

"Mvumo amekufa." Shoka aliweka makucha yake kwenye shina. "Poromoko la theluji lilimfukia masika ya mwaka jana. Nilimfukua mimi. Nilikuwa na njaa, nikamla."

Njia ya mwongo ni fupi, na ya Kindi ilikuwa imeishia hapo. Shoka alitikisa mti, kra, kra, gome likaanguka vipande vipande. Kiota kiliyumba, na watoto wa Kindi wakapiga kelele gizani mwa majani. Kindi alishika tawi kwa kucha zote.

Na hapo upepo ukageuka.

Shoka aliacha kutikisa. Pua yake ilielekea kichakani. "Maziwa," alisema. "Nasikia harufu ya maziwa."

Kichakani Mama Pacha aliwasukuma watoto chini ya tumbo lake. Alikuwa anajua kwamba atasimama, na anajua kwamba paja lile halitamshika. Yule pacha mkubwa alimtazama mama yake usoni, akaona kitu ambacho hakuwa amekiona hata siku moja. Mama yake alikuwa anaogopa.

Shoka alipiga hatua ya kwanza kuelekea kichakani. Akapiga ya pili.

"Bwana," aliita Kindi.

Hakugeuka.

"Bwana, ulipomla, ulianzia wapi?"

Shoka akasimama.

"Nauliza tu," alisema Kindi, na sasa alikuwa analia kweli kwa hofu, machozi yanamdondoka. "Sikujua kwamba amekufa, naapa. Sisi tulishangaa tu kwamba tunasikia harufu yake na hatusikii kishindo. Aliye hai lazima akanyage. Ulianzia wapi, bwana?"

"Yanakuhusu nini?"

"Begani?"

Mafuta mengi ya dubu yako nunduni na mabegani, na mwenye njaa haanzi mkiani. Hilo Kindi alilijua kwa kubahatisha. Lililobaki hakulijua kabisa. Kulikuwa na mabega mawili, na maisha ya dubu watatu, yake mwenyewe na ya watoto wake yalining'inia kwenye moja.

"Lipi, bwana?" aliuliza kwa sauti ndogo sana. "La kulia au la kushoto?"

Ukungu ulipita kati yao. Shoka aligeuka polepole, akautazama mti. Akaitazama ile alama, juu kuliko kimo chake, manyoya ya bega la kushoto peke yake, na pale ambapo bega la kulia lingekaa, gome tupu. Akatazama chini, tope lililotulia.

Manyoya ya mgongo wake yalisimama, kutoka shingoni mpaka kiunoni.

"La kulia," alisema. Hakuwa anasema na Kindi.

Kindi hakuongeza neno. Wanangu, huo ndio ulikuwa ujanja wake mkubwa kuliko wote siku ile. Mdomo usiolala ulilala.

"Nilikuwa na njaa, mzee," Shoka aliuambia mti. "Kila mtu angekula. Ulikuwa umeshakufa." Alinusa tena, na harufu ilikuwa ileile ya yule aliyemng'oa sikio akiwa kijana analia, na haikuwa na miguu. "Unataka nini? Sina la kukurudishia. Lilikwisha."

Tone la utomvu lilijikusanya chini ya yale manyoya, likateleza, likadondoka kwenye pua yake, pwa.

Shoka alipiga ukelele ambao bonde lile halikuwahi kuusikia kutoka kwa dume. Aliruka kinyumenyume, akakosa nyayo za babu zake zote, akaanguka kiuno ndani ya maji, akainuka anakimbia. Matawi yalivunjika, mawe yakabingirika. Walimsikia akivuka kijito, chubwi, chubwi, wakamsikia kwenye theluji ya juu, anahema na kusema mwenyewe, mpaka kilele kikameza sauti yake.

Mama Pacha ndiye aliyetoka kwanza, anaburuta mguu, pacha wamemng'ang'ania. Alisimama mbali na mti. Hakutaka kuusogelea, ijapokuwa aliona kwa macho yake yale manyoya yakigandishwa.

"Bi Kindi," alisema. "Kama angekwambia la kushoto?"

"Usiniulize," alisema Kindi. "Nikilifikiria hilo nitaanguka."

"Ghala lako ni lako."

"Nimesikia. Sasa niache kidogo nitetemeke."

Pacha mdogo alikuwa anatazama juu mlimani, kule alikopotelea Shoka. Alitazama mti, akatazama kichaka, akamtafuta yule mzee aliyeogopwa hivyo asimwone popote.

"Mama," alisema, "Mzee Mvumo yuko wapi?"

Mama Pacha alimlamba utosi kabla ya kumjibu.

"Amekwenda na Shoka, mwanangu. Na hatamwacha."

Mkosaji hahitaji mwongo hodari, wanangu. Nusu ya uongo huja nayo mwenyewe.